Kimondo Hugongwa Kwanza

4 Februari

Mdogo wangu Kisiki,

Hatujambo, ila tumechoka. Nimeanza na hilo ili nisipindishe maneno. Tangu kile kiharusi, upande wa kulia wa Mama haujarudi, na siku hizi nafua shuka zake kuliko ninavyofua nguo zangu. Maneno yake yanatoka moja moja, kama mtu anayeyaokota sakafuni. Mimi nayaelewa kwa kuwa nimeyazoea. Jirani akija kumjulia hali anaitikia "eeh, eeh" kwa kila kitu, hata Mama akiomba maji.

Sasa tulia usome. Mama ana neno lako. Kila asubuhi ananionyesha simu kwa ule mkono mzima. Nilimwambia, niambie mimi, nitamwandikia. Akakataa katakata. "Yeye. Mwenyewe." Nikikupigia, inaita mpaka inakata. Nikikutumia meseji unajibu "salama" tu, kwa hiyo usiniambie huko kiwandani hakuna mtandao, maana hizo salama zako zinafika. Kama bado una kinyongo cha siku ile tulipogombana nani abaki na Mama, kinyongo hicho ni changu. Yeye hakumo. Daktari anasema maneno yake yanaweza kurudi na yanaweza kuisha kabisa. Mpigie, nakuomba.

Haya, mchezo. Najua ni kichekesho mtu mwenye mvi kama mimi kuendelea na mambo tuliyoanza ukiwa shule ya bweni, mimi mwamuzi, wewe mhunzi, barua zikienda na kurudi. Lakini mchana Mama akisinzia, nakaa mezani na dadu zangu, na kwa muda huo mimi si mfua shuka.

Mhunzi wako amefika Mji wa Majivu. Mbele yake kuna daraja, na darajani kuna Mlinzi ambaye chuma cha kawaida kinampita bila kumgusa. Sheria ni zile zile tulizotunga utotoni. Shaba ya makaburini hukata mizimu midogo. Fedha ya chumvi haishiki kutu, lakini mwenye nayo akisema uongo inavunjika mkononi. Kimondo, chuma kilichodondoka kutoka mbinguni, hukata chochote, na bei yake ni usingizi: ukiwa nacho mkononi hulali. Kwa Mlinzi ni kimondo tu. Mzee mwenye duka ameweka mezani vipande vitatu vyeusi vinavyofanana, na kimoja tu ndicho chenyewe. Unafanya nini?

Dada yako,
Mwamuzi

*

15 Februari

Dada Mwamuzi, shikamoo.

Barua yako ililetwa na dereva wa lori la vyuma chakavu, ameikunja mara nne akaitia ndani ya kofia yake. Jibu hili naye atalibeba humo humo; kama linanuka jasho, si langu.

Mwambie Mama nitapiga. Mtandao wa hapa ni wa kubahatisha, na zamu zimebadilishwa, nikitoka nimechoka hata kuongea sitaki. Kutwa tunalisha tanuru: vitanda, mageti, baiskeli, milango ya magari. Juzi kilikuja kiti cha mtoto cha chuma, bado kina rangi ya buluu. Kikaingia na vingine. Kinyongo sina, Dada. Nilikuwa nacho, kikaisha chenyewe.

Mchezo. Mhunzi anavichukua vile vipande kimoja kimoja. Anaangalia rangi penye mwanga wa mlango. Anavipima uzito kwa mkono. Anavinusa. Anavilamba, usicheke, chuma kina ladha, mtu aliyekula vumbi lake anajua. Cha pili ni cha baridi kuliko wenzake na kina ladha ya damu. Anachukua cha pili, anafua upanga, anaenda darajani.

Ila akitoka dukani linamtokea jitu kwa nyuma. Hakulijua mpaka alipoona kivuli chake kimefunika miguu yake. Alijitupa chini, likapita juu yake. Ameumia goti tu. Niandikie jeraha dogo.

Mbusu Mama.

Kisiki

*

24 Februari

We Kisiki,

Umelamba chuma! Nimemsomea Mama, akacheka kwa lile shavu moja, ndiyo faida pekee ya barua yako.

Lakini mimi sikucheka. Sheria ya kwanza kabisa ni ipi? Kimondo hugongwa kwanza. Unagonga, unasikiliza, kinacholia muda mrefu ndicho. Na nani aliitunga? Wewe! Wewe uliyekuwa unafumbwa macho kwa kanga ya Mama, mimi nagonga sufuria kwa kijiko, na unazitaja zote: hii ya maharage, hii yenye mpini uliolegea, hii ya Shangazi aliyoisahau hapa. Hukukosea hata siku moja. Leo nimekuwekea vipande vitatu mezani, kazi yako ni kusema tu "nagonga", na wewe unalamba.

Kwa hiyo pokea hukumu. Ulichochukua ni takataka ya tanuru. Upanga umevunjika kwa pigo la kwanza, na mhunzi wako yuko mtoni ameshikilia mzizi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe umevunja na upanga juu.

Na hilo jitu limetoka wapi? Mwamuzi ni mimi. Sikurusha dadu, sikuandika jitu lolote. Ukianza kujiletea majitu yako mwenyewe, mimi nabaki na kazi gani?

Ulisema utapiga. Jumapili Mama alikataa kulala mchana. Alikaa kitini na simu mapajani, kila ikilia ananitazama, na ilikuwa jirani, na kampuni ya umeme, na mtu aliyekosea namba. Nilipomtoa kitini mkono wake ulikuwa umekufa ganzi. Ngojangoja huumiza matumbo, mdogo wangu, na tumbo lenyewe ni la mama yako. Nimechoka kukutetea kwake. Nimechoka tu.

Mwamuzi

*

6 Machi

Dada,

Hukumu nimeipokea. Mhunzi abaki mtoni, maji si mabaya.

Ila sheria zetu zimezeeka. Kwa nini lazima kigongwe? Nani alisema chuma kinajulikana kwa sauti tu? Hapa kuna mafundi wa mitambo, wakitaka kujua kama beringi imekufa hawategi sikio, maana kelele za ukumbi zinameza kila kitu. Wanachukua bisibisi ndefu, ncha wanaigusisha kwenye mtambo unaozunguka, mpini wanauegemeza kwenye taya. Mfupa unapokea. Wanasema mfupa haudanganyi. Nami nimejifunza, na sijakosea hata mara moja.

Kisha nina ombi. Mchezaji anaruhusiwa kupendekeza chuma kipya mradi ataje bei yake, hiyo sheria bado ipo. Napendekeza chuma bubu. Ni kizito, ni cha kijivu, ukikigonga hakilii. Upanga wake unapita bila kusikika hata na mizimu. Bei: mwenye nacho hasikii tena. Kwanza sikio la kushoto, halafu la pili taratibu, na watu wanadhani anaringa.

Ni bei ya haki? Niamulie wewe.

Kwa Mama sijui niseme nini. Mwambie nampenda, hilo anajua.

Kisiki

*

15 Machi

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikasonya. Nikaiweka. Nikamgeuza Mama, nikampaka mafuta mgongoni, nikamlisha. Nilipokuwa naosha sahani, kijiko kikaniponyoka kikagonga sufuria ile yenye mpini uliolegea, na hapo nikakaa chini jikoni na povu mikononi.

Simu inaita hupokei. Meseji unajibu. Chuma unakilamba, unakinusa, unakipima, hukigongi. Jitu linakuja kwa nyuma na wewe unaona kivuli tu.

Tangu lini husikii?

Nijibu wewe, si mhunzi wako. Na usiniandikie "salama".

Nilikutupia methali ya asiyesikia. Nisamehe. Nimeukata huo mstari kwenye nakala yangu, ingawa najua wako hauwezi kufutika.

Dada yako

*

25 Machi

Dada yangu, shikamoo.

Tangu kabla ya kiharusi cha Mama. Masikio yalianza kuuma, halafu yakatoa usaha. Niliweka pamba nikaendelea na zamu, nikasema yatapona yenyewe. La kushoto likazima. La kulia likawa linasikia watu kama wako chumba cha pili, sasa wameshahama nyumba. Kazini nasoma midomo na mikono. Kelele zilinisaidia kuficha, kwa sababu ukumbini kila mtu anapiga kelele "nini?" kutwa nzima, hakuna anayemshangaa mwenzake.

Lile jitu ni mzigo wa winchi. Honi ililia, wanasema ililia sana. Mimi niliona kivuli. Mwenzangu wa tanuru alinivuta mkanda tukaanguka wote, goti likachubuka. Msimamizi alinitukana mpaka mate yakaruka, na mimi namtazama mdomo na kuitikia kwa kichwa. Akadhani nina kiburi.

Simu nilipiga, Dada, kabla hujaniandikia ile barua ya Februari. Ulikuwa umetoka kwenda dukani, nadhani, maana alipokea Mama mwenyewe. Sauti yake ilikuja kama maji ndani ya bomba. Sikushika hata neno moja. Nikasema, "Ndiyo, Mama. Ndiyo, Mama. Ndiyo." Nikakata. Sijui niliitikia nini. Tangu siku hiyo simu ikilia ninaiona inatetemeka mezani na mimi natetemeka pembeni yake.

Nilikuwa naogopa kuondolewa ukumbini, kazi nyingine siijui. Lakini nilichokuogopea wewe ni kikubwa zaidi. Una mgonjwa mmoja tayari. Nikaona nisikuongezee wa pili.

Na hata nikija itasaidia nini? Mama hawezi kusema, mimi siwezi kusikia. Tutakaa kitandani tunatazamana, na wewe katikati unafua shuka zetu sote.

Nimechoka kujificha. Hilo nalo niandikie jeraha.

Mdogo wako

*

3 Aprili

Mdogo wangu,

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Umesikia? Hukusikia, lakini umesoma, inatosha. Nimelia, nimekutukana peke yangu jikoni, nimemaliza. Sasa anaongea Mwamuzi.

Chuma bubu nakikataa. Bei si ya haki.

Sheria ya kimondo inabadilishwa kuanzia leo. Mhunzi anatoka mtoni, anarudi dukani amelowa, mzee mwenye duka analalamika kuhusu maji sakafuni. Mhunzi anaegemeza kipande cha kwanza kwenye taya na kukigonga kwa ukucha. Hakuna kitu. Cha pili ni takataka yako ile ile. Cha tatu kinapita mfupani, kinapanda mpaka kwenye meno, na hakiishi haraka. Hicho ndicho. Upanga ni wako.

Nisingebadilisha sheria bila kuijaribu, unanijua. Jana nilijaza pamba masikioni mpaka nikawa sisikii hata redio ya jirani, na ile redio unaijua. Nikaegemeza taya langu kwenye paji la uso la Mama, nikamwambia, sema chochote. Akasema. Nilimsikia, Kisiki! Alisema, "Una nini wewe?" Tulicheka mpaka nikahofia atapaliwa. Sikumbuki lini tulicheka hivyo mara ya mwisho.

Mwambie msimamizi wako ukweli kabla mzigo mwingine haujapita. Nenda kliniki wakuangalie hayo masikio, huenda yana dawa, huenda hayana. Halafu njoo. Neno lako bado limo kinywani mwa Mama, na siku hizi anachoka mapema. Shuka zenu nitafua, sijafa.

Usijibu barua hii. Ijibu kwa miguu.

Dada yako

*

20 Mei

Dada yangu, shikamoo.

Wewe uko kwa Shangazi, nami nakuandikia nikiwa mezani pako, dadu zako ziko mbele yangu kwenye kikombe kilichopasuka. Mama amesinzia. Nimeshamgeuza na kumpaka mafuta mgongoni, kutoka mabegani kwenda chini kama ulivyonifundisha. Nina matone ya masikio asubuhi na jioni. Msimamizi amesema nikirudi kuna nafasi stoo, penye ukimya, na kwa sasa nipumzike. Alipojua kisa akaona aibu kwa yale matusi, akayarudia kwa kuandika ili niyapate vizuri, tukacheka.

Sasa kuna jambo inabidi nikuambie, na ukae kwanza.

Shangazi haumwi mgongo. Hajawahi kuumwa mgongo. Anabeba ndoo mbili kama kawaida, amekuwa anajilegeza ukiingia. Nilimwomba akuite umsaidie kwa kuwa nilijua ukiitwa kupumzika hutakwenda, ukiitwa kazini utafunga mfuko siku ile ile. Usimkasirikie yeye, nikasirikie mimi.

Nilifanya hivyo kwa sababu ya neno la Mama. Unakumbuka jioni ile niliyofika, ulienda kutuwekea maji ya kuoga. Niliinama nikaegemeza taya langu kwenye paji la uso wake, mkono kifuani pake. Nilimwambia, Mama, nipo, sema. Alisema mara tatu ndipo nikapata yote. Alisema, "Dada yako. Amechoka. Ulisema utakuja."

Ndiyo hiyo simu, Dada. Siku ile aliniomba nije nikupumzishe. Nami nikamjibu ndiyo, Mama, ndiyo, ndiyo. Niliahidi mara tatu nisijue ninachoahidi. Muda wote huo alikuwa hanitafuti anipe neno jipya, alikuwa ananidai lile. Ukimwomba akuambie wewe anakataa, kwa sababu wewe ndiye hukutakiwa kujua. Nilipoinua kichwa akaniongezea, nikasoma kwenye midomo: "Usimwambie. Atakataa." Kwa hiyo hapa namwasi Mama, kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima.

Kila usiku alikuwa anakusikia unatembea, Dada. Akijifanya amelala ili ulale, na wewe hulali. Ananiambia hivyo kila siku, neno moja moja, na mimi nayapokea kwa taya.

Sasa mchezo. Mwamuzi ni mimi, na mhunzi ni wewe. Ulichukua ule upanga wa kimondo zamani bila kumwambia mtu, ukalinda nao daraja peke yako, na bei yake ukailipa yote. Mwingine wa kukupokea zamu amefika, ana goti lenye kovu na pamba masikioni, si hodari lakini amefika. Ng'ambo ya daraja kuna nyumba. Ndani kuna kitanda kimoja kilichotandikwa shuka ambazo hukuzifua wewe. Mlango unafungika.

Unafanya nini?

Mdogo wako,
Mwamuzi

*

29 Mei

Mwamuzi,

Wewe na Shangazi waongo wawili. Niliposoma barua yako nilikasirika, nikafunga mfuko wangu nirudi nyumbani siku hiyo hiyo. Shangazi akaficha viatu vyangu. Nilivitafuta nyumba nzima huku yeye anaosha vyombo na kuimba, na mgongo wake mzima kabisa. Nilipochungulia chini ya kitanda nikaona niketi kidogo. Nilipoketi nikalia, si kwa huzuni, ni mwili tu uliopata nafasi.

Mwambie Mama, kwa taya, kwamba nimeambiwa na sikukataa.

Nimeuweka upanga chini nje ya mlango. Nimefunga mlango. Ninalala.

Dadu usirushe.

Dada yako